Simu inalia usiku kucha ikiwa kwenye chaji? Anza kwenye tundu

Simu hutoa ule mlio wa chaji pale inapoanza kupokea umeme. Ikilia mara moja unapochomeka waya, hiyo ni kawaida. Ikilia tena saa nane za usiku, halafu tena, na skrini inawaka mpaka chumba kinang'aa, ujue umeme unaingia na kukatika. Ukizima sauti tu utalala vizuri, lakini asubuhi unaweza kuamka na simu ina asilimia thelathini.

Mara nyingi nimekuta chanzo ni uchafu kwenye tundu la chaji. Nyuzi za mfukoni na vumbi huingia humo, kila unapochomeka waya unazidi kuvishindilia, mwisho kichwa cha waya hakifiki ndani. Zima simu, mulika kwa tochi, kisha tumia kijiti cha kuchokolea meno cha mbao uvitoe taratibu. Sindano na pini ziache kabisa, kwa sababu chuma kinaweza kuharibu vile vyuma vidogo vya kupitisha umeme vilivyomo ndani. Tundu likiwa safi na bado simu inalia, jaribu waya mwingine, halafu chaja nyingine. Kwa fundi nenda mwishoni. Simu nyingine pia hukuonyesha alama ya tone la maji: hapo chomoa waya na uiache ikauke yenyewe.

Ipo pia hali ya umeme wenyewe kucheza. Huku kwetu Mbagala unaweza kukatika na kurudi mara kadhaa kabla ya alfajiri, na kila ukirudi simu inalia. Hapo simu haina kosa, na kuzima mlio ndiyo dawa. Kwenye Android fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Sauti, shuka chini utafute sauti ya kuchaji, uizime. Kwenye Samsung huwa imewekwa ndani ya sauti za mfumo. iPhone haina swichi ya mlio huo peke yake, kwa hiyo iweke kimya kabla ya kulala.

Zile programu zinazopiga king'ora betri ikijaa, kukuamsha uchomoe waya, naziona ni usumbufu mtupu. Simu janja ina saketi inayosimamia chaji, na ikifika asilimia 100 inaacha kujaza. Kinachozeesha betri ya lithiamu ni joto, pamoja na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa. Ndiyo maana tangu 2019 iPhone zinaweza kusimama kwenye asilimia 80 na kumalizia karibu na muda unaoamka, na kuanzia iPhone 15 unaweza kuweka kikomo cha 80 moja kwa moja. Samsung na Pixel nazo zina mipangilio ya kulinda betri. Tafuta kwenye sehemu ya Betri, uwashe, ulale.

Kwenye joto ndipo naomba sana uwe makini. Apple wenyewe wanashauri simu itumike kwenye nyuzi joto 0 hadi 35, na vyumba vyetu vya bati mwezi wa pili vinaweza kuzidi hapo. Usiweke simu inayochaji chini ya mto, wala kwenye godoro la sponji ndani ya chandarua. Iweke juu ya meza au sakafuni, uitoe kava kama ni nene. Chaja inayochemka mpaka huwezi kuishika, itupe. Betri ikianza kuvimba na kusukuma kioo, usiichaji tena hata mara moja.

Na kama kinacholia usiku ni arifa za makundi ya WhatsApp, hizo zinamalizwa na hali ya Usisumbue (Do Not Disturb), inayonyamazisha simu kwa muda unaoupanga. Iwekee ratiba, tuseme saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kengele ya kukuamsha unaweza kuiruhusu ilie, na unachagua watu ambao simu zao zitapita. Mimi nimeruhusu za wazazi na za jirani mwenye funguo zetu.