Reli mbili za Pugu

SWALI: Shikamoo mzee. Nimehamia Pugu, nauza vitenge Kariakoo. Naona reli mbili. Kwa nini treni ya umeme isipite ile ya zamani ikatuchukua asubuhi? — Mama Zawadi

JIBU: Marahaba mwanangu. Haiwezi: reli ya zamani, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000, na SGR, ile mpya ya treni ya umeme, ni 1,435. Magurudumu hayakai. Kwenye ile ya zamani hupita treni ya jijini Dar es Salaam, inayovutwa na injini ya dizeli; hiyo ndiyo ya kukuchukua asubuhi.

Nilianza kuipanda 2012, ya Ubungo, tukiiita “ya Mwakyembe” kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Naipenda mpaka leo, maana foleni ya Barabara ya Nyerere haiihusu. Shuka kituo cha Kamata, sokoni utafika kwa miguu. Robota la vitenge lisafirishe mchana, watu wakipungua.