Kabla hujabandika sponji: niliyojifunza nikijenga studio nyumbani

Chumba changu cha kwanza cha kurekodia nilikibandika sponji kuta zote mpaka juu. Nilifanya kazi siku mbili, na nilipomaliza nikapiga makofi katikati ya chumba, nikasikia yakifa papo hapo, nikajiona fundi. Usiku ule ule jirani akagonga ukuta. Nilikuwa nimeua mwangwi wa ndani tu. Besi yangu, yaani zile sauti nzito za chini, ilikuwa bado imelala chumbani kwake.

Karibu kila anayeanza huangukia hapo. Kunyonya sauti na kuzuia sauti ni kazi mbili tofauti. Sponji, zulia na mapazia hukifanya chumba kisikike vizuri kwa aliye ndani, lakini aliye nje hayamsaidii chochote, maana sauti hupita kwenye sponji kama upepo kwenye chandarua. Trei za mayai ndizo usiziguse kabisa: hazizuii, kunyonya kwenyewe ni kwa kubahatisha, na zinashika moto upesi. Kuzuia kunataka mambo matatu: uzito, kuziba hewa, na kuutenga ukuta mmoja na mwingine.

Kama ningeanza leo, ningeanza na hewa. Palipo na njia ya hewa pana njia ya sauti. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake, hata uwe wa zege, hautazuia zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi. Sasa chukua mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2, wenye mwanya wa sentimita 1 chini. Mwanya huo peke yake ni nusu asilimia ya mlango mzima. Ndiyo maana watu hujenga kuta za kutisha halafu sauti ikatoka kwa raha zake mlangoni.

Subiri giza, zima taa ndani, mwombe mtu amulike tochi upande wa pili, akiipitisha polepole kwenye fremu, dirisha na pale dari inapokutana na ukuta. Kila unapoona mwanga, weka alama. Ziba kwa gundi ya kuzibia inayobaki laini kama mpira ikikauka. Plasta peke yake hupasuka jengo likicheza kidogo. Soketi za umeme zichunguze pia, hasa mbili zinapopeana mgongo kwenye ukuta mmoja: hapo ukuta umebaki na vijisanduku viwili vya plastiki tu. Mlango wenyewe uwe mzito, si ule ulio mtupu ndani, na uzungushiwe mpira kwenye fremu, pamoja na kizingiti chenye mpira chini. Ukiweza kuweka milango miwili yenye nafasi katikati, utashangaa.

Uzito unasaidia, ila unachosha. Ukiuongeza uzito wa ukuta maradufu unapata desibeli 5 au 6. Ili sikio la jirani lihisi kelele imepungua kwa nusu unahitaji kama desibeli 10. Piga hesabu mwenyewe: utarundika matofali hadi chumba kiishe. Hapo ndipo utengano unapoingia, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Nilichukua bodi za jipsamu nikazifunga kwenye vijiti vyembamba mbele ya ukuta wa matofali, nikiacha nafasi ya sentimita 2. Sauti ya kuimba ilipungua kweli. Besi ikazidi! Sikuelewa mpaka nilipojifunza kwamba kuta mbili zenye hewa katikati ni kama mizigo miwili iliyounganishwa na springi. Kuna masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) ambayo springi hiyo inayapenda, na hapo ukuta mpya unapokea mtetemo na kuupitisha badala ya kuuzuia. Kwa bodi ya kilo 10 kwa mita ya mraba mbele ya ukuta mzito, na nafasi ya sentimita 2, masafa hayo yapo karibu na Hz 134, katikati kabisa ya muziki. Nafasi ikiwa sentimita 10 yanashuka hadi Hz 60 hivi. Ukiongeza bodi ya pili na kujaza nafasi kwa nyuzi za mawe au za glasi, yanashuka zaidi. Kwa hiyo fremu mpya isimame peke yake sakafuni, isiguse ukuta wa zamani. Skrubu moja ndefu inayovuka ikashika tofali inatosha kurudisha sehemu ya mtetemo, nami nimewahi kukaa jioni nzima nikitafuta skrubu kama hiyo.

Dari ni kazi ya kuita mtu anayejua mbao. Tabaka mbili za bodi za jipsamu za milimita 12.5 juu ya chumba cha mita 3 kwa 4 zinapita kilo 200. Usibahatishe na kitu kitakachokaa juu ya kichwa chako.

Pia kumbuka kwamba chumba kinapungua. Nilipoteza karibu sentimita 20 kila upande. Na ukiwa na uhuru wa kuchagua vipimo, epuka chumba cha mraba: mita 3 kwa 3 kinavuma Hz 57 kwa urefu na kwa upana pamoja, na hakuna sponji itakayotibu hilo.

Hewa ya kupumua watu huikumbuka wameshamaliza. Chumba kilichozibwa barabara, chenye watu wawili na kompyuta, huwa tanuri ndani ya muda mfupi. Tengeneza sanduku zito la mbao lililotandikwa sponji ndani, lenye njia ya kupindapinda, hewa ipite humo ikienda na nyingine ikirudi. Njia iwe pana ili hewa itembee polepole. Ikibanwa itapiga mluzi kwenye maikrofoni. Hapa, hatimaye, ile sponji niliyoibandua ukutani ilipata kazi ya maana.

Mpiga ngoma simwahidi kitu. Ngoma halisi hupita desibeli 100 kwa urahisi, na pedali hupiga sakafu moja kwa moja, hata zile ngoma za umeme zinazodhaniwa kuwa kimya. Nilichofanya ni kujenga jukwaa dogo la bodi mbili lenye mipira ya tenisi katikati, iliyokaa kwenye matundu ili isitoroke. Anayeishi chini yangu amenyamaza tangu hapo, ingawa mazoezi yote huisha kabla ya saa 2 usiku.