Madogo mnaotaka kurusha satelaiti, anzeni na kutua

Siku hizi hapa Mtwara madogo wakishajua kwamba napenda mambo ya anga wananifata na video za roketi kwenye simu, kaka na sisi tunataka turushe satelaiti yetu, nikiwauliza itarudije chini wananiangalia kama nimewadai mahari. Siwacheki. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka makopo yaliponifundisha.

Makopo yenyewe ni haya ya soda. Ndani unaweka saketi ndogo, sensa ya presha ya hewa, betri, na sisi tukaongeza yai bichi, juu unafunga parachuti. Jamaa mmoja anayepiga video za harusi ana droni na kibali chake, akatupandishia kopo mita kama 80 juu ya kiwanja cha mpira kule Mikindani, akaachia.

La kwanza parachuti haikufunguka kabisa. Tuliikunja usiku wa kuamkia siku hiyo, kitambaa cha mwamvuli mbovu, na kwa unyevu wa huku pwani kikagandana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto. Yai likawa uji. Niliona aibu, lakini baadae nikajipa moyo, maana hata Genesis ya NASA, iliyobeba chembe za upepo wa jua, yaani zile zinazorushwa na jua, ilipigiza kwenye jangwa la Utah tarehe 8 Septemba 2004 kwa spidi ya kama kilomita 310 kwa saa, parachuti imo ndani imekunjwa vizuri tu, kisa visensa vya kuifungua vilifungwa kichwa chini miguu juu. Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, jaribu parachuti kabla hujagusa kitu kingine, na uikunje asubuhi ileile.

La pili betri tuliiweka juu karibu na kamba kwa vile ndipo palipokuwa na nafasi, likabingirika hewani mpaka kamba zikajisokota. Uzito ukae mbele, yaani chini kunakotangulia, basi.

Sasa kopo la mita 80 ni mchezo wa watoto, satelaiti ya kweli shida yake ni spidi. Iliyo kilomita 400 juu inakimbia karibu kilomita 7.7 kila sekunde, yaani ukihesabu moja, mbili, imeshatoka Mtwara mjini imepita Mikindani. Kila kilo yake moja imebeba nishati inayokaribiana na kilo nzima ya mkaa ukiwaka wote ukaisha, na unatakiwa uitue hiyo nishati yote ndani ya dakika chache tu. Na joto lenyewe watu wanasema ni msuguano, sio hivyo sana, ni hewa ya mbele inabanwa ghafla mpaka inawaka, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Ndio maana kapsuli, kile chombo kinachorudi chini, inachongwa mbele butu kama kitako cha sufuria, haichongwi kama mkuki. Alieona hilo ni Mmarekani H. Julian Allen mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba ukiwa butu ile hewa inayowaka inasimama mbali kidogo na chombo, joto kubwa linaishia kwenye hewa.

Linalobaki ndio la kupambana nalo, na hapo watu wa huku tuna mwalimu nyumbani. Uliyekulia huku umeshachoma korosho kwenye bati la matundu, ganda linashika moto, mafuta yanalipuka, moshi mweusi macho yote machozi, unazima kwa mchanga, ukibangua kiini ndani kimeiva tu. Ngao ya joto ni lile ganda. Inaachwa iungue makusudi, inageuka mkaa na gesi, gesi inaondoka na joto lake. Ngao ya Stardust, chombo cha NASA, iliingia hivyo Januari 2006 kwa kilomita 12.9 kwa sekunde na vumbi la nyotamkia ndani likafika salama. Ila korosho ukiisahau motoni na kiini kinaungua, kwahiyo unene wa ganda na dakika za moto lazima vipigiwe hesabu pamoja.

Kuna na njia ya kuanza kupunguza spidi mapema, hewa ikiwa bado nyembamba sana. Satelaiti ndogo za TechEdSat za NASA zimejaribu kufungua kitambaa kama parachuti kule juu bila mafuta yoyote. Mwili mwepesi na tanga kubwa, hiyo hesabu hata mvuvi wa ngalawa anaielewa. Na niseme ukweli, satelaiti nyingi ndogo hazirudi, zinaachwa ziungue, kama 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa Mei 2018. Kurudisha ni kwa mwenye kitu cha kurudisha.

Kopo la tatu lilifunguka safi. Tukashangilia mapema. Kusi lilikuwa linapiga, likalibeba mpaka kwenye mikorosho ya watu, kengele yake ya kulitafutia ikaisha betri, tukazunguka masaa mawili. Tukafika kwa bibi mmoja, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, kumbe amelifunikia ndoo na jiwe juu. "Nilijua mwenyewe atakuja, nilitaka nimuone sura." Hatukuandika namba ya simu, hatukuaga mtu. Nilipoona habari ya Mukuku kule Makueni, Kenya, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 imeshuka kijijini toka angani, nilimkumbuka yule bibi. Hata kapsuli ya Varda, kampuni ya Marekani, ilipanda Juni 2023 ikakaa juu kusubiri kibali cha kutua mpaka Februari 2024. Kwahiyo kibali na watu wa chini vianze kabla ya saketi, sio baada.

La nne tumelitoboa tundu katikati ya parachuti lisiyumbe, namba ya simu tumeandika kubwa kwa rangi nyekundu, na bibi ameshaambiwa. Tunasubiri kusi litulie. Kama una mwamvuli mbovu usiutupe.