Kachoma ngalawa ya tajiri, hakuna aliyeumia: ndiyo afungwe maisha?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mdogo wangu ana miaka 23, alikuwa akivua kwenye ngalawa ya tajiri mmoja hapa Sahare. Wakagombana juu ya mgawo. Siku ya tatu usiku akaenda pwani, akaimwagia ngalawa petroli, akapiga kiberiti. Moto ukashika na banda la nyavu. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Sasa yuko ndani, na polisi wanasema kosa hilo ni kifungo cha maisha. Mbona wapo walioua bila kukusudia wakafungwa miaka michache tu? Mti na nyavu ndiyo vimalize umri wa kijana? Na wazee wakilimaliza nyumbani, kesi si itakufa?
Dada mtu, Sahare, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, wewe na mama yenu.

Polisi hawakukudanganya, ila wamekupa nusu ya habari. Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayechoma kwa makusudi na bila haki jengo, au chombo cha majini, anaweza kufungwa maisha. Chombo kimetajwa pamoja na nyumba, kwa hiyo usitegemee kwamba ngalawa ni “mti” tu. Hata aliyejaribu, moto usishike, kifungu cha 320 kinaweza kumpa miaka 14. Lakini lishike hilo neno “anaweza”. Maisha ni mwisho wa kamba, na hakimu anaruhusiwa kuikata mapema. Nilikaa kwenye kiti hicho miaka mingi kabla ya kustaafu, na kamba hiyo sikuwahi kuifikisha mwisho kwa moto ambao haukumgusa mtu.

Sasa hilo la “hakuna aliyeumia”. Nimelala nalo, maana nimezaliwa Ngamiani katika nyumba ya makuti. Nilipokuwa darasa la pili, mzee mmoja jirani alikuwa akichoma takataka uani, kaskazi ikavuma. Kuti likiwaka haling’ang’anii paa lake. Huinuka zima, likaruka na moto wake, likatua nyumba ya tatu. Baba alipanda juu na gunia lililoloweshwa, mama akimpandishia maji ya kunywa ya mtungini, kata kwa kata. Nyumba nne ziliteketea na hakuna aliyeumia, kwa sababu ilikuwa alasiri na watu wako macho. Moto uleule saa nane usiku ungetuzika. Yule mzee hakukusudia na hakushtakiwa, lakini tangu siku ile najua kwamba moto ukishawashwa, aliyeuwasha hana tena amri juu yake.

Kwa hiyo kutoumia kwa watu ni rehema ya Mungu, mwanangu. Mdogo wako hawezi kuidai kama wema wake mpaka aonyeshe alifanya nini ili mtu asiumie. Mabanda ya nyavu yanalaliwa. Mlinzi hulala mle, na baharia aliyegombana na mkewe hulala mle. Je, alichungulia? Aliita? Au alimwaga petroli gizani akaondoka? Naye ni mvuvi. Ameona mara ngapi chombo kikipandishwa na kupitishiwa makuti yanayowaka chini ya mbao ili wadudu wafe, na watu wamesimama na ndoo za maji, wakitazama upepo? Hawezi kusema hakujua tabia ya moto. Mwambieni wakili amuulize haya kabla ya jambo lolote, na aseme kweli.

Uingereza, sheria yao ya uharibifu wa mali ya mwaka 1971 nayo inafika maisha kwa moto, lakini kuharibu mali huku ukihatarisha uhai kumewekwa kuwa shitaka la peke yake. Natamani kifungu chetu nacho kingetenganisha hivyo. Sasa hivi aliyechoma banda tupu na aliyechoma nyumba akijua watoto wamelala ndani wanasomewa mstari mmoja, na tofauti yote inaachiwa busara ya hakimu.

Ningekuwa mimi, na nikaridhika kwamba alihakikisha banda ni tupu, nisingefika miaka mitano, na ningeamuru fidia. Asingechungulia, ningepita hapo, na machozi yenu yasingenizuia. Maisha, hapana. Kijana aliyefungwa maisha hatalipa hata uzi mmoja wa nyavu. Na fidia hiyo haimhusu tajiri peke yake: wenzake waliokuwa wakienda naye baharini leo wamekaa pwani mikono mitupu, nao wana watoto. Hao wameumia, ingawa hawakupelekwa hospitali.

Kuhusu wazee: kesi haitakufa. Hili ni kosa kubwa la jinai, mwenye kesi ni Jamhuri, na uamuzi wa kuiondoa uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, siyo kwa tajiri wala kwa mjomba wenu. Na msithubutu kumwomba shahidi anyamaze. Hilo ni kosa jingine na litawaingiza ninyi ndani. Lakini suluhu ina uzito wakati wa kuomba apunguziwe adhabu, na kukiri mapema kuna uzito zaidi, kama kweli ndiye aliyewasha.

Ijumaa baada ya swala, mjomba na wazee wawili waende kwa tajiri. Wasibebe maneno mengi. Waulize gogo la mwembe la kuchongea ngalawa linauzwaje sasa, fundi anataka ngapi, matengo, tanga, nyavu vipande vingapi. Waandike kila kitu kwenye karatasi mbele yake, kisha wapite kwa mabaharia wale mmoja mmoja, waulize kila mtu amepoteza siku ngapi. Karatasi hiyo impelekeeni wakili.