Kushoto ya mtu wa chukudu si kushoto ya karatasi yako

Dada mmoja wa Himbi, Goma, ametuandikia juu ya swali lililomshinda kwenye testi ya kazi. Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, anaondoka sokoni, anasukuma kilometa 4 kuelekea kaskazini, anakata kulia kilometa 6, anakata kulia tena kilometa 12, kisha kushoto kilometa 9. Je, yuko umbali gani na alikoanzia, na upande gani? Yeye alipata √73, na jibu lililotolewa ni 17. Anauliza kama waliotunga swali walikosea.

Hawakukosea, dada. Hiyo √73 yenyewe inaonyesha kosa liko wapi. 73 ni 9 kujumlisha 64, yaani 3 mara 3 na 8 mara 8. Nane ni sahihi: 12 za kusini kutoa 4 za kaskazini. Tatu imetokana na 6 kutoa 9, na hapo ilipaswa kuwa 6 kujumlisha 9. Mtu wa chukudu alikuwa anashuka kusini, na anayetazama kusini mkono wake wa kushoto uko mashariki. Wewe ulimpeleka kushoto ya karatasi, ambako ni magharibi. Watu wanaojua hesabu vizuri kabisa wanaangukia hapo hapo.

Dawa ni kuacha kutegemea mchoro. Kwa kona mbili mchoro unatosha. Kuanzia ya tatu macho yanadanganya. Weka mwanzo kwenye (0, 0). Namba ya kwanza, x, inapanda ukienda mashariki na kushuka ukienda magharibi. Ya pili, y, inapanda kaskazini na kushuka kusini. Kisha kila uelekeo una jozi yake: kaskazini (0, 1), mashariki (1, 0), kusini (0, −1), magharibi (−1, 0).

Mtu akikata kulia, badilishana nafasi za namba hizo mbili, halafu geuza alama ya ile ya pili. Akikata kushoto, badilishana nafasi, halafu geuza alama ya ile ya kwanza. Akirudi nyuma, geuza alama zote mbili na nafasi ziache zilivyo. Hakuna zaidi ya hapo, na haijalishi kona ni nne au kumi na nne.

Sasa tumfuate yule wa chukudu, kila mara tukizidisha jozi kwa kilometa na kujumlisha na pale alipokuwa. Anaanza na (0, 1), kilometa 4, anafika (0, 4). Kulia inakuwa (1, 0), kilometa 6, yuko (6, 4). Kulia tena, (0, −1), kilometa 12, yuko (6, −8). Sasa ile kushoto ya hatari: (0, −1) ikibadilishana nafasi ni (−1, 0), geuza alama ya kwanza, (1, 0). Mashariki! Kilometa 9, anafika (15, −8). 15 mara 15 ni 225, 8 mara 8 ni 64, jumla 289, na kipeuo chake cha pili ni 17. x ni chanya na y ni hasi, basi yuko kusini-mashariki ya soko. Ukijumlisha 4, 6, 12 na 9 unapata 31, lakini hiyo ni njia aliyoisukuma. Swali liliuliza mstari mnyoofu, na watunzi wanapenda kuweka 31 kati ya majibu ya kuchagua.

Kwa kweli mstari huo unalalia mashariki zaidi, kama nyuzi 28 tu kuelekea kusini. Usihangaike nayo: majibu yakitoa pande nane tu, namba zote mbili zisipokuwa sifuri unachagua upande wa katikati.

Watunzi wengi huchagua namba zinazotoka safi: 3-4-5, 5-12-13, 8-15-17, 7-24-25, na hizo hizo zikizidishwa. Zishike kichwani. Ukipata kitu kama √73 na hakimo kati ya majibu, kagua kona kabla ya kukagua hesabu. Jambo lingine dogo: karatasi zetu ziko kwa Kifaransa, na Ouest, yaani magharibi, hufupishwa O. Kwenye jedwali lililojaa namba, biki ikikimbia, O hiyo inasomwa sifuri. Andika Mg.

Kwa anayesahau pande, Goma ina dira yake: mlima Nyiragongo kaskazini, Ziwa Kivu kusini, Gisenyi mashariki, Sake magharibi. Lakini ukitoka Bukavu angalia sana, maana kule mji uko kwenye ncha ya kusini ya ziwa, na maji yako kaskazini. Aliyezoea kule akishika "ziwa ni kusini" bila kufikiri, au wa Goma akifanya mtihani Bukavu, atageuza kila kitu juu chini.

Maswali ya kivuli hufuata njia hiyo hiyo. Asubuhi jua liko mashariki, kivuli kinaanguka magharibi. "Asubuhi kivuli cha mama kiko kuume kwake, anatazama wapi?" Tafuta jozi ambayo kulia yake ni (−1, 0): ni (0, −1), kusini. Simama asubuhi ukiupa mgongo mlima Nyiragongo, utaliona hilo chini ya miguu yako. Kivuli cha adhuhuri usikitumie, kwa sababu tuko karibu na ikweta: katikati ya mwaka kinaelekea kusini, mwezi wa Desemba kaskazini.

Wakiwa watu wawili, tafuta alipofika kila mmoja, kisha toa. Motari (dereva wa pikipiki) wa kwanza yuko (−3, 2), wa pili (5, −4). "Wa pili yuko wapi ukimwangalia kutoka kwa wa kwanza?" Chukua wa pili, toa wa kwanza: (8, −6), kilometa 10, kusini-mashariki. Swali likigeuzwa, alama zote mbili zinageuka na jibu ni kaskazini-magharibi. Kwa hiyo pigia mstari maneno "kutoka kwa" kabla hujaandika namba yoyote: anayetajwa baada ya maneno hayo ndiye unayemtoa.