Kwa mnaoanza kuandika insha za nyaraka za Paulo

Nimemaliza kusahihisha insha za mwaka wa kwanza kuhusu mwandishi wa Nyaraka za Kichungaji (yaani 1 na 2 Timotheo na Tito), na kosa nililolifanya mimi ujanani nimelikuta katika insha nne. Nawapenda, wapendwa, lakini jambo hili sharti likome muhula huu.

1. Linganisheni maneno katika Kiyunani. Nilipoandika tasnifu yangu nilikusudia kuthibitisha kwamba 1 Timotheo na 1 Wakorintho zimetoka mkono mmoja. Katika Biblia yangu ya Kiswahili niliona "kufunuliwa kwake Bwana wetu Yesu Kristo" katika 1 Wakorintho 1:7, na maneno yaleyale katika 1 Timotheo 6:14, nikajenga sura nzima juu ya mistari hiyo miwili. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alifungua Agano la Kiyunani, akaweka kidole kwenye neno apokalupsis (kufunuliwa) kwa Wakorintho, kisha kwenye epifaneia (kutokea, kudhihirika) kwa Timotheo, akaniuliza, "Mwanangu, aliyeyafananisha haya ni Paulo au ni mfasiri?" Nilinyamaza. Usiku ule niliifuta sura yote, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi wangu ulikuwa unanipinga: epifaneia haimo hata mara moja katika zile nyaraka saba ambazo wataalamu hawabishani kwamba ni za Paulo.

2. Hesabu ya mtaalamu Harrison ya mwaka 1921, kwamba maneno 306 kati ya 848 ya Nyaraka za Kichungaji hayamo katika nyaraka nyingine kumi zenye jina la Paulo, itajeni, ila msisahau Tertio, karani anayejitokeza kusalimu katika Warumi 16:22: huenda baadhi ya maneno ni ya karani, si ya Paulo.

3. Kabla ya kuandika kwamba kutajwa kwa maaskofu katika Nyaraka za Kichungaji ni dalili ya karne ya 2, someni Wafilipi 1:1, ambako Paulo mwenyewe anawasalimu maaskofu.

4. Msiandike kwamba Paulo ndiye aliyeandika Waraka kwa Waebrania; waraka wenyewe hautaji mwandishi wake. Mwandishi huyo mwenyewe, katika 2:3, anajihesabu miongoni mwa waliothibitishiwa wokovu na wale waliomsikia Bwana, ilhali Paulo katika Wagalatia 1:12 anakana kabisa kwamba aliipokea injili kwa mwanadamu. Origen, mwanazuoni wa Kanisa la kale, alikwisha kusema katika karne ya 3 kwamba ni Mungu ajuaye aliyeuandika. Kwa hiyo andikeni "mwandishi wa Waebrania". Mmoja wenu aliniuliza, "Mwalimu, hata mimbarani?" Hata mimbarani, mwanangu, kwa sababu mama aliyekaa benchi la mbele na Biblia yake mapajani anaweza kuufungua waraka huo sura ya kwanza hadi ya kumi na tatu, na jina la Paulo hatalikuta.