Kwanza mkubaliane "kaya" ni nini

SWALI: Daktari, shikamoo. Tuko watatu: mimi mchumi, wa pili mtaalamu wa konokono, wa tatu muuguzi, kila mtu na taasisi yake. Tunaanza utafiti wa kichocho vijiji vya ufuoni, upande wa Dunga, Kisumu. Kuna mkufunzi anatuuzia mafunzo ya ushirikiano: siku mbili hotelini, na cheti. Tulipe?

JIBU: Marahaba. Msilipe. Swali hili halipiti mwezi bila kunifikia, na dhana ni ileile, eti watafiti hushindwana kwa kuwa hawajazoeana. Basi wanapelekwa hotelini, wanavuta kamba, wanapigwa picha mbele ya bango, linafunguliwa kundi la WhatsApp ambalo mwezi ukiisha limebaki la salamu za sikukuu. Nimehudhuria warsha hizo. Tulipendana kweli. Tulikuja kugombana data ilipofika.

Ugomvi wenyewe ulikuwa neno "kaya". Wenzetu walihesabu boma zima, dala kwa Kijaluo, kuwa kaya moja. Sisi tulifuata chungu: kila jiko na kaya yake, kwa hiyo boma la mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na jiko lake, kwetu lilikuwa kaya tatu. Nambari zikakataa kuunganika, na kila upande ulikuwa sahihi kwa taaluma yake!

Kwa hiyo nendeni boma moja, mjaze dodoso lilelile kila mtu peke yake, kisha mlinganishe. Muulizeni mwenye konokono "eneo la maambukizi" ni wapi. Atawaonyesha maji yenye Biomphalaria, konokono wanaotoa vimelea vya kichocho. Muuguzi atataja kijiji chenye wagonjwa, ingawa mgonjwa huenda aliambukizwa mbali na kwao, anakofulia nguo. Bishaneni hapo, na mtakachokubaliana kiandikwe.

Majina kwenye makala nayo msiyaache hadi mwisho. Orodha ya CRediT, ya kuonyesha kila mwandishi alifanya nini, ina majukumu 14, gawaneni leo. Taarifa za wagonjwa ziko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, basi iandikwe nani anazitunza na nani anazifungua. Mkataba wenye mihuri wa wakubwa wa taasisi zenu hauingii kwenye mambo hayo.

Siku hizi kila mwenye projekta ni mkufunzi, na wafadhili wanapenda kuhesabu vyeti. Akija kwenu, mwombeni awaonyeshe data ya taasisi mbili aliyowahi kuiunganisha yeye mwenyewe. Akitoa picha za warsha za hotelini Naivasha, mnywesheni chai aende.